Karibuni, Waliochoka

Mama yangu aliolewa akiwa msichana, na tangu siku hiyo neno "mgeni" halikupita tena mdomoni mwake. Kwetu sisi Wabarbaig mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, awe hai au awe kaburini, na hasemi hata neno linalofanana na jina hilo. Babu yangu alizaliwa siku ambayo mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka mbali, mtu wa Kiswahili kitupu, alifika kulala bomani. Wazee wakalichukua neno lile la Kiswahili wakalitia ndani ya jina la mtoto. Hawakujua kwamba wanamfunga mdomo msichana ambaye hata hajazaliwa.

Wenzake walikuwa na mizigo yao. Jirani yetu mmoja baba mkwe wake alikuwa na jina la mvua, basi masika yakija alitoka nje akatangaza, "Yanamwagika!" na sisi watoto tukakimbilia kuanua ngozi. Mwingine hakuruhusiwa kusema "mlima", na tunakaa chini ya Hanang, mlima unaouona hata ukifumba macho, kwa hiyo maisha yake yote aliuonyesha kwa kidevu. Hatukuona ajabu yoyote. Mama yeye aliamua kwamba mtu anayefika kwako kutoka safarini, kitu cha kwanza alichonacho ni uchovu. Wageni wote akawaita waliochoka. "Kuna aliyechoka hapo langoni." "Mchinjieni aliyechoka mbuzi." Mlevi aliyepotea njia, bwana mifugo, askari, padri, kwa mama hao wote walikuwa wamechoka.

Wana wa babu walioa wanawake wengi. Wengine walikufa, wengine waliokoka wakaanza kutaja kila kitu kanisani kwa sauti kubwa. Mama akabaki peke yake. Ng'ombe walikuwa wameisha kwa ukame na kwa malisho kugeuzwa mashamba ya ngano, meno yalikuwa yanamwisha, baba alishatangulia. Alichobakiwa nacho ni mdomo wake, na alikuwa na mpango nao. "Nitamkuta babu yenu huko," alikuwa akituambia, "nitamwambia, mimi sikukutaja. Hata mara moja." Alilisema taratibu, kwa uhakika, na uso ukimng'aa. Hilo tu ndilo alilolitaka kutoka duniani: azikwe na mdomo safi.

Mimi nilisoma. Nikaolewa Endagikot, huku juu Mbulu kwenye baridi na maharage, kwa mkulima wa Kiiraqw, Mkristo. Siku ya kwanza mama mkwe wangu aliposikia nalizunguka jina la mumewe, alicheka mpaka akashikilia mlango, akaniambia nimtaje tu, mzee wa watu hana makuu. Kiingereza changu cha sekondari kikanipatia kibarua cha kutafsiri. Yale malori ya watalii yanayoivuka Afrika kutoka chini kwenda juu, au kutoka juu kwenda chini, hupita Karatu, na machache yakaanza kukata kona kuja kwetu, Mbulu, Haydom mpaka Basotu, yakitafuta watu ambao hawajapigwa picha sana. Nilipandia Mbulu mjini, nikakaa mbele na dereva.

Mlangoni mwa lori walikuwa wamebandika bendera za nchi walizopita. Waliziongelea nchi kama watu wanavyoongelea vyakula kwenye sherehe: Namibia mchanga, Botswana tembo, Zambia maporomoko. Wengine walikuwa wanafuta bendera kwa kitambaa kila tukisimama, vumbi lisizifunike. Nilimuuliza mama mmoja wa makamo, mtu mwema kabisa wa sura, Malawi kukoje. Akafikiri. "Kuzuri," akasema, "ila niliharisha." Nikasubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Boma walilokuwa wanaletwa, huko Basotu, ni la mama yangu. Aliyelitia sokoni ni kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa na nyumba na duka Jorodom, pale Katesh, na tope la mlima liliposhuka liliondoka na vyote viwili. Alirudi kwa mama akiwa na suruali aliyovaa na kandambili ya mguu mmoja. Mama alimpokea, akampa ngozi ya kulalia, akamkamulia. Sitaki achukiwe kabla ya wakati wake.

Kundi la kwanza lilipokuwa linakaribia, alimfundisha mama kutwa nzima. Asimame langoni na sketi yake ya ngozi na bangili za shaba, watalii wakishuka aseme, "Karibuni wageni."

"Karibuni waliochoka," akasema mama.

"Wageni, mama."

"Si ndiyo hao? Wamechoka."

"Mama, hii ni Kiswahili ya biashara."

"Na mimi niko na Kiswahili yangu."

Kaka akasalimu amri, na haikumdhuru. Nilipowatafsiria kwamba wamekaribishwa waliochoka, watalii walifurahi sana, wakashika viuno, wakasema ni kweli, barabara imetumaliza. Walipewa maziwa ya mtindi kwenye kibuyu, wakanusa, wakarudisha. Wakapiga picha pamoja na mbuzi. Halafu walikaa kwenye ngozi kuuliza maswali, na hapo ndipo mama naye alipata nafasi ya kuuliza lake.

Swali lake lilikuwa moja, na aliwauliza wote. "Huko kote walikopita," alikuwa ananiambia, "waulize, mke anamwitaje baba ya mume wake?"

Nilitafsiri. Wakatazamana. Watu wamepita nchi nane, tisa, wana ramani, wana vitabu vya njiani, na hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu, kwa kutotaka kuonekana hana kitu, alisema yeye kule Zambia aliruka kutoka darajani amefungwa kamba miguuni. Mama akauliza alikuwa anakimbia nini. Mwanamke mwingine, katika kundi lililotoka upande wa juu, alikuwa amekaa na sokwe msituni Rwanda, kimya, mbali nao, bila kuwagusa, maana sheria huko ni kali. Alitusimulia huku akimpapasa mama yangu yale makovu ya urembo, ya mviringo, yanayozunguka macho. Hakuwa ameomba.

Ndipo akaja binti mmoja, wa lori lile lile la kijana wa ndevu nyekundu. Alikuwa abiria kama wao, amelipa nauli kama wao, ila alikuwa mweusi kama sisi, wa Afrika Kusini, kichwa amekifunga kitambaa cha njano. Mama alimwangalia muda mrefu, akaniuliza mtoto huyu ni wa nani na anatafuta nini kwa watu hawa. Binti alitaka kujua anavyosalimiwa mtu mzima. Nikamwambia. Akapinda magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto wangu. Umechoka?"

Mama akauliza swali lake, na mimi nikatafsiri nusu nusu, maana nilishachoka kuaibika. Binti hakutazama wenzake. Alisema bibi yake, mama wa baba yake, aliolewa kwenye boma ambalo jina la baba mkwe lilikuwa na sauti ya neno la maji. Basi maisha yake yote bibi hakusema maji. Alikuwa na neno jingine la kwake, na wajukuu walijua akilisema hilo ana kiu.

Nilipomtafsiria mama, aliinuka. Magoti yalikuwa yakimsumbua, lakini aliinuka mwenyewe, akamshika binti mikono yote miwili, akamkalisha juu ya ngozi yake.

"Ni mbali, kwao?"

"Mbali sana, mama. Mwisho wa nchi zote."

"Na huko nako wanashika?"

"Wale wazee. Sasa wamebaki wachache."

"Bibi yako yuko?"

"Alikufa."

"Alikufa na mdomo safi?"

Binti alisema ndiyo. Mama akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona analia kwa furaha, hata siku ya harusi yangu hakulia. Alikuwa amekaa na lile neno peke yake tangu wenzake walipoondoka, akichekwa na walokole, akidhani amebaki mjinga mmoja duniani. Kumbe kulikuwa na mwanamke mwingine huko mwisho wa nchi zote, na jahazi lake limefika salama. Alimpa binti bangili moja ya shaba, ya mkono wa kushoto. Nilifurahi sana siku ile, na furaha hiyo inaniuma mpaka leo.

Maana binti, kwa wema wake, alisimama karibu na lori akawaeleza wenzake. Alieleza vizuri kuliko ningeeleza mimi. Wakauliza, sasa neno lenyewe ni lipi? Hakulijua, akamgeukia kaka. Kaka akalitaja kwa madaha. Wakalirudia wote, kila mmoja kwa ulimi wake, m-ge-ni, m-ge-ni, wakaliandika kwenye simu. Lori lilipoanza kuondoka, yule kijana wa darajani alitoa kichwa dirishani akamwita mama, "Mgeni! Mgeni!" akinyoosha kidole kujionyesha kifua, akasubiri aone kama mama atajibu. Binti alimvuta shati. Akaacha. Lakini simu zilikuwa zimeshabeba.

Kundi lililofuata lilikuja likijua. Walishuka kwenye lori wanacheka kama watoto wanaokwenda kumchokoza kobe. Mzee mmoja mnene alipiga magoti mbele ya mama, akajigonga kifua, akasema kwa Kiswahili alichokariri, "Mimi ni nani?"

"Wewe umechoka sana," akasema mama.

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mama naye akacheka, kwa sababu alikuwa na mdomo wa kujibu na hakuwa amekutana na watu wa kushindana naye kwa muda mrefu. Kwa wiki kadhaa ulikuwa mchezo tu. Walimwonyesha picha ya mtu na begi. Akasema huyo amebeba uchovu wake mgongoni. Walimwimbia. Walimuuliza kinyume cha mwenyeji; akasema ni mwenyeji aliyetoka kwake.

Kaka aliona biashara mahali ambapo mimi niliona bibi kizee akitaniwa. Akaweka kigoda katikati ya boma. Akatundika shuka jipya, jekundu, juu ya mti wa lango, zawadi ya mama siku akisema. Akajifunza Kiingereza cha kutosha kutangaza kwamba wamekuja watu wa mataifa yote na hakuna aliyemweza. Malori yakaongezeka. Mengine yaliruka hata ziwa Basotu na viboko wake ili yawahi kwa mama.

Halafu utani ukaisha, kama utani wote unavyoisha ukirudiwa na watu ambao hawakupendi. Walimzunguka asipate pa kupita. Akienda kukamua walimfuata. Mmoja alikuwa anachungulia nyuma ya zizi akimnong'oneza neno lenyewe, amshtukize. Kundi moja lilikuja na spika, likaweka sauti ya mtoto anayelirudia neno hilo bila kupumua, na mama akakaa kwenye kigoda chake ameziba masikio kwa viganja, na wao wakasema tazama, anavyojitahidi. Nikaona ameanza kukonda. Chakula alikuwa anakiangalia tu. Aliacha kuwauliza swali lake.

Siku moja mwanamke kijana, mwenye miwani na kucha safi, alimshika mama kidevu. Akambana midomo kwa vidole, akaifungua na kuifunga, kama unavyomchezea mtoto mchanga. "M. Ge. Ni." Nilimpiga mkono. Nilimpiga hasa, ukalia. Kaka akaja mbio akimwomba yule mwanamke msamaha, akimpa pole, akimketisha kivulini. Kwa mama hakugeuka.

Walipoondoka nilimfuata kaka kwenye zizi la mbuzi.

"Unamvua mama nguo hadharani," nikamwambia.

"Neno tu. Huko kwenu Endagikot mnataja kila kitu na mbingu haijaanguka."

"Mimi sikumwahidi mtu. Yeye ameahidi. Siku moja watamchosha, litamtoka."

Kaka alicheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya, kilikuwa cha mtu anayemwelewesha mjinga. "Wewe mama humjui. Hawezi kusema. Na mimi sitaki aseme! Akisema, nani atakuja? Wanapita boma la kila mtu mavumbi yakiruka, hapa wanasimama. Wanasimama kwa sababu hasemi. Ng'ombe hakuna, nyumba imekwenda na tope. Sisi tunakula mdomo wake."

"Kwa hiyo atateswa mpaka lini?"

"Ni mzee," akasema kaka. "Kwani ni muda mrefu?"

Niliangalia pembeni kwa sababu nilitaka kumtemea mate. Mama alikuwa pale, amechuchumaa nyuma ya mbuzi jike, anakamua. Maziwa yaliendelea kuingia kwenye kibuyu, chwa, chwa, kwa mwendo ule ule. Hakuinua kichwa.

Lori lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote, na bendera zake zilikuwa zimejaa mlango mzima zikapanda mpaka kwenye bodi. Hawa walikuwa wanatoka Misri, wamepitia Ethiopia na Kenya, na walishaambiwa njiani kote habari za bibi asiyesema. Kaka alikuwa amevaa koti. Akasimama karibu na kigoda, akatangaza. Hakuna, akasema, hakuna hata mmoja kutoka nchi yoyote. Wakapiga miluzi. Wakatayarisha simu zao.

Mama alichelewa kutoka. Kaka akaniomba kwa macho nikamwite, nikakataa. Alipotoka mwenyewe nilishangaa. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa sketi ya ngozi ya sherehe, ile aliyoiweka akiba ya kuzikwa nayo, na bangili zote isipokuwa ile aliyompa binti. Watalii wakampisha. Wale waliokuwa na maneno yao tayari wakaanza, "Mimi ni nani, bibi? Mimi ni nani?" Akawapita kama anapita katikati ya mahindi. Akakipita kigoda. Akaenda mpaka kwa kaka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, anavyoshikwa mtu aliyefika kutoka mbali.

"Karibu, mgeni," akasema.

Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili hata aliyejifunza jana asikie. Kaka alitabasamu, lile tabasamu la mtu aliyesikia vibaya. Mama hakumwachia mkono. Akawageukia watalii wote, akamwonyesha kwao.

"Mgeni wangu huyu. Analala leo. Kesho anaondoka."

Kelele zilizopigwa pale bomani, nadhani zilisikika Katesh. Waliruka. Walikumbatiana, watu wazima na mvi zao. Mmoja alipanda kwenye kigoda akanyoosha mikono juu. Mwingine alilifungua lile shuka kutoka langoni akamvika mama mabegani, na mama akasimama nalo kama mti uliotundikwa nguo, mpaka likateleza lenyewe likaanguka. Kiongozi wa msafara akanijia anahema. Amesema! Kamwambia nini? Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza. Nikamwambia huyu ni mwanawe wa kwanza, na amemfukuza sasa hivi mbele yenu. Alitikisa kichwa kwa furaha, akasema ni ya ajabu sana, akarudi kupiga picha.

Kaka alikuwa bado ameshikwa mkono. Uso wake ulikuwa umekauka. Alisema kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, "Mama, mimi si wa hapa?" Mama akamuuliza kama amekula.

Wanawake wa maboma ya jirani walikuja walipopata habari. Walikaa naye, wakamsafisha kwa maziwa na nyasi mbichi, wakamwambia limekwisha, halihesabiwi, alisukumwa. Mama aliwasikiliza kwa heshima. "Halijaisha," akawaambia. "Sikuteleza. Nililitoa mwenyewe." Tangu hapo sijamsikia tena akisema atamwambia nini babu. Nilimuuliza mara moja. Akasema ataulizwa yeye, na jibu hana.

Malori yalikoma, kama kaka alivyosema yangekoma. Bibi asiyesema alikuwa amesema, picha ilikuwa imezunguka dunia, hakuna aliyetaka kusafiri nchi zote hizo kuangalia kizee wa kawaida. Kaka alijaribu kubaki. Kila jioni alitandikiwa ngozi upande wa wageni, akapewa maziwa kwenye kibuyu cha wageni, akaongeleshwa kwa upole wote wa wageni, na kila asubuhi mama alimuuliza, "Unaondoka lini?" Mwanzoni alicheka. Baadaye alipiga magoti. Mama alimwinua, akamwambia safari njema. Alikwenda upande wa Singida, na lile shuka jekundu alilichukua. Hakuna aliyemtafuta.

Binti wa Afrika Kusini aliiona ile video. Alinitumia ujumbe mrefu, kila sentensi inaomba msamaha, na mwisho akauliza, je, ni yeye aliyeleta haya? Nikamjibu ndiyo. Wiki ile ile mama akaniuliza, "Yule mtoto wa mbali hajambo?" Nikasema hajambo. "Asijue," akasema mama. "Ataumia." Jibu langu lilikuwa limeshafika, na alikuwa ameshalisoma.

Mimi mwenyewe sifanyi tena kazi ya kutafsiri. Nakaa na maharage yangu Endagikot, nashuka Basotu nikipata nafasi. Juzi nilikwenda na wanangu. Hawajui lugha ya bibi yao hata neno, wanajua Kiiraqw na Kiswahili cha shule, kwa hiyo wakiwepo mama huzungumza Kiswahili na sisi sote, nami pia. Alikuwa amesimama langoni. Amekwisha sana, ngozi na mifupa, bangili zinamlegea mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliniangalia begi, akaniangalia viatu, akawaangalia watoto waliojificha nyuma yangu. Kiswahili chake kina lafudhi yetu ya nyumbani, hakipandishi sauti mwisho. Ukimsikia huwezi kujua kama anauliza au anasema.

"Umechoka," akasema.

Nikabaki pale nje ya lango na mtoto mkononi, nikisubiri aongeze neno. Aligeuka ndani kwenda kututandikia ngozi, na mimi nikasimama kuangalia ataitandika upande gani.